Jeki Iliyoiinua Botswana: Tukisoma Kumbukumbu za Masire Baada ya Chama Chake Kuanguka



Sisi tunaoishi ughaibuni tukikutana, iwe harusini, kwenye Idi au matangani, mazungumzo hayachukui muda kufika kwenye siasa za nyumbani. Swali ni lile lile: kwa nini chama kimoja kinashinda, kinashinda na kinashinda tena, wakati vyama vingi vipo na kura zinapigwa? Majibu nayo ni yale yale mawili. Mmoja atasema wanaiba kura. Mwingine atasema wananchi wetu hawajaamka, wakipewa kofia, fulana na kilo ya sukari wanaridhika. Hapo chai huletwa na mjadala ukaishia hapo.

Nimekisoma kitabu kinachoyatia majibu hayo mawili majaribuni, na kinaleta jibu la tatu ambalo nalo linataka kupimwa. Kinaitwa Very Brave or Very Foolish?, kumbukumbu za Quett Ketumile Joni Masire, Rais wa pili wa Botswana, kilichochapishwa mwaka 2006 kwa uhariri wa Stephen Lewis. Si kitabu kipya, na mwenyewe alifariki mwaka 2017. Lakini mwezi Oktoba 2024 chama alichokiasisi kilishindwa uchaguzi kwa mara ya kwanza tangu uhuru wa mwaka 1966. Kwa hiyo leo tunaweza kukisoma tukijua mwisho ambao mwandishi hakuujua.

Wasomaji waliotoka Kongo wanalijua jina hili. Masire ndiye aliyesimamia mazungumzo ya Wakongo yaliyofikia makubaliano huko Sun City, Afrika ya Kusini. Waliotoka Rwanda nao wanamkumbuka kama mwenyekiti wa jopo la Umoja wa Nchi Huru za Afrika lililochunguza mauaji ya kimbari ya mwaka 1994. Kabla ya kuwa mzee wa kusuluhisha alikuwa mkulima na mwandishi wa habari kutoka Kanye. Mwaka 1962 yeye na Seretse Khama na wenzao waliunda chama cha BDP. Alikuwa Makamu wa Rais na Waziri wa Fedha tangu uhuru, kisha Rais kuanzia 1980 hadi 1998.

Kwa nini Botswana? Mimi ni mhandisi. Mtambo ukiwa na hitilafu, tunaondoa sababu moja moja mpaka ibaki ile yenyewe. Sisi wengi tumetoka nchi ambazo chama kimoja kiliwekwa kwa sheria: Tanzania kuanzia 1965 hadi 1992, Kenya kuanzia 1982 hadi 1991, na Zaire ya Mobutu. Huko ukiuliza kwa nini chama kinatawala jibu linachanganyika: ni mazoea ya zamani, ni dola, ni hofu? Botswana haikupitia njia hiyo. Ilianza na vyama vingi katika uchaguzi wa Machi 1965, kabla hata ya uhuru, na haikuviacha. Hapakuwa na mapinduzi. Magazeti ya watu binafsi yalisema, mahakama zilisikiliza kesi. Malalamiko ya wizi wa kura yalikuwapo, na mwaka 2019 wapinzani walikwenda mahakamani, kesi zikatupwa. Lakini hakuna aliyeweza kueleza ushindi wa uchaguzi kumi na mbili mfululizo kwa wizi peke yake. Hapo jibu la kwanza linaondoka mezani.

Jibu la Masire ni hili: tulishinda kwa sababu tulitawala vizuri. Kabla ya kumkosoa, tumpe haki yake, kwa maana hoja yake ina uzito. Nchi aliyoipokea ilikuwa miongoni mwa maskini kabisa duniani. Hata makao ya serikali ya kikoloni yalikuwa nje ya mipaka yake, Mafeking, Afrika ya Kusini. Gaborone ilibidi ijengwe upya. Jina la kitabu linatokana na jinsi watu walivyowaona walipodai uhuru katika hali hiyo: ama ni mashujaa ama ni wapumbavu. Mwaka 1967 almasi ziligunduliwa Orapa, mgodi ukafunguliwa 1971. Mgodi mkubwa zaidi wa Jwaneng ukafuata 1982. Serikali ilidai hisa zaidi kutoka kwa kampuni ya De Beers mpaka wakawa nusu kwa nusu katika kampuni ya Debswana.

Kuna jambo moja ambalo ningependa kila kijana wetu alijue. Orapa iko katika eneo la Bamangwato, kabila la Seretse mwenyewe, ambako angekuwa mtemi. Chama chake ndicho kilichopitisha sheria ya kuyafanya madini yawe mali ya taifa zima, si ya kabila. Tazameni nchi jirani na za mbali zilizopigana kwa ajili ya mawe hayo hayo. Mtu akisema Wabotswana waliipigia BDP kura kwa ujinga, amwonyeshe mama wa kijijini aliyeona shule, zahanati na bomba la maji vikija ndani ya miaka kumi ya uhuru, kisha amwambie kwamba kumpigia kura aliyevileta ni ujinga. Jibu la pili nalo linaondoka.

Basi je, tumkubalie Masire? Hapana, si lote. Utawala mzuri unaeleza kwa nini chama kilipendwa. Haueleze kwa nini kilipokuwa hakipendwi tena na nusu ya wapiga kura kiliendelea kukalia robo tatu ya viti. Huo ndio upungufu wa kumbukumbu hizi, na ni upungufu wa kumbukumbu nyingi za viongozi. Dereva anaijua barabara kwa kuitazama kupitia kioo cha mbele. Anayekimbia kwa miguu pembeni anaiona barabara nyingine. Ili kuyaona ya pembeni inabidi tukiweke kitabu kando ya takwimu na historia. Mimi naona mambo manne.

La kwanza ni mpaka kati ya chama na serikali. Botswana ina kgotla, baraza la jadi ambapo mtemi na watu wake hukutana. Waziri au ofisa wa wilaya akija kwa kazi ya serikali huitisha watu hapo, naye huwaeleza kisima kitachimbwa wapi na msaada wa ukame utagawiwaje. Siasa za vyama haziruhusiwi kgotla. Vyama hufanya mikutano yao kwenye viwanja vinavyoitwa viwanja vya uhuru. Kwa maandishi sheria hiyo ni ya haki, inamhusu kila mmoja. Kwa vitendo, waziri wa BDP alikuwa na milango miwili na mpinzani mmoja. Jumatano anaingia kgotla kama serikali, Jumamosi anasimama kiwanjani kama chama, na watu ni wale wale, uso ni ule ule. Mpinzani alisubiri Jumamosi tu, na alikuja na maneno matupu kwa sababu kisima hakikuwa chake. Ongeza kwamba redio ya taifa na gazeti la serikali linalogawiwa bure vilikuwa mikononi mwa serikali hiyo hiyo, na kwamba vyama havikupata ruzuku yoyote ya umma.

Chukueni mfano wa mwaka 1973. Serikali ilianzisha mpango wa haraka wa maendeleo vijijini: madarasa, zahanati, barabara na maji katika vijiji vikubwa. Waziri wa Fedha alikuwa Masire. Uchaguzi ulikuwa 1974, na BDP ilipata viti 27 kati ya 32. Kazi ilikuwa ya kweli na watu walinufaika. Lakini mwananchi hakuwa na namna ya kujua kama zahanati ile ingekuja pia chini ya chama kingine, kwa sababu hakuwahi kukiona chama kingine kikishika koleo. Miaka ikapita, na swali hilo likazidi kuwa gumu kujibika.

La pili ni hesabu ya viti. Botswana inafuata utaratibu wa Waingereza: anayeongoza jimboni anachukua kiti, hata kama amepata theluthi tu ya kura. Mwaka 2004 BDP ilipata karibu asilimia 52 ya kura, ikachukua viti 44 kati ya 57. Waliobaki wote, wenye karibu nusu ya wapiga kura, wakagawana viti 13. Mwaka 2014 BDP ilishuka mpaka asilimia 46 na nusu. Hiyo ni kusema wengi wa waliopiga kura hawakuichagua. Bado ilipata viti 37 kati ya 57. Hakuna kura iliyoibiwa hapo. Kila kura imehesabiwa sawasawa, na matokeo bado hayafanani na nchi.

La tatu ni kugawanyika kwa wapinzani, na hapa wengi wetu huwa wepesi wa kucheka. Mwaka 1994 chama cha BNF kilipata viti 13 kati ya 40, na watu wakaanza kuamini kwamba zamu imekaribia. Mwaka 1998 kikapasuka. Wabunge 11 kati ya wale 13 wakaondoka kuunda BCP. Uchaguzi wa 1999 BNF ikabaki na viti 6, BCP ikaambulia kimoja, na BDP ikapanda kutoka 27 hadi 33.

Tunasema ni uroho wa madaraka. Mimi nasema uroho uko pande zote. Tofauti ni chungu kilichoko jikoni. Nyumba yenye chakula watu hugombana jioni, asubuhi wakala pamoja. Nyumba isiyo na chakula ugomvi mdogo unatosha watu kuhama. BDP nayo ilikuwa na makundi yake yaliyochukiana miaka mingi, lakini ilikuwa na uwaziri, ubalozi na ukurugenzi wa kuwatuliza. Ilikuwa pia na viti vya wabunge wa kuteuliwa, vinavyojazwa na Bunge lenyewe, yaani na chama chenye wingi.

Masire mwenyewe ni ushahidi. Mwaka 1969 Bathoen wa Pili, mtemi wa Bangwaketse, aliacha utemi, akajiunga na BNF na kumshinda Masire palepale Kanye. Makamu wa Rais amepigwa kwao! Katika chama cha upinzani huo ungekuwa mwisho wa safari. Masire alirudi bungeni kwa mlango wa wabunge wa kuteuliwa, akabaki Makamu wa Rais, na miaka 11 baadaye akawa Rais. Sisemi hakustahili, na pengine nchi ilipata faida kubwa. Lakini ni wangapi upande wa pili, wenye akili kama yake, walioanguka mara moja na hawakuwa na mlango wa kurudia? Kumbukumbu zao hazikuchapishwa.

La nne, ambalo halizungumzwi vya kutosha, ni namna ya kupokezana kijiti. Mwaka 1997 katiba ilibadilishwa. Rais akapewa ukomo wa miaka kumi, jambo ambalo Afrika nzima ilisifu. Pamoja na hilo iliwekwa kwamba Rais akitoka, Makamu wake anashika nafasi moja kwa moja. Masire alijiuzulu 1998 akamwachia Mogae. Mogae alimwachia Ian Khama Aprili 2008, na Khama akamwachia Masisi Aprili 2018. Kila mara ilikuwa kiasi cha mwaka mmoja na nusu kabla ya uchaguzi. Rais mpya aliingia kwenye kampeni akiwa tayari yuko Ikulu, na makosa ya aliyemtangulia yakaondoka na mwenyewe.

Sasa pangeni asilimia za kura. Mwaka 2009 BDP ilipanda ikilinganishwa na 2004. Mwaka 2019 ilipanda ikilinganishwa na 2014. Na lini ilishuka? 2004, 2014 na 2024, yaani kila Rais aliporudi kwa wapiga kura mara ya pili akiwa na hesabu yake mwenyewe ya kutoa. Chama kilijua kubadilisha sura bila kubadilisha mwenye nyumba, na wananchi, ambao tunaambiwa hawajaamka, walikuwa wakiipima kila sura kwa makini.

Alama ya BDP ni jeki, ile ya kuinulia gari. Inasimuliwa kwamba watu wa vijijini waliona tabu kulitamka neno la Kiingereza lililomo katika jina la chama, likageuka kuwa Domkrag, yaani jeki kwa Kiafrikana, na chama kikakubali. Sijaona chama kilichopata alama inayokifaa zaidi. Jeki inainua mzigo mzito kwa nguvu ndogo ya mkono. Ndivyo ilivyokuwa: nusu ya kura ikainua robo tatu ya Bunge. Lakini fundi yeyote wa gereji atakuambia kwamba jeki haibebi gari peke yake. Inabebwa na ardhi iliyo chini yake. Ardhi ikilainika, jeki nzima inazama, na gari linashuka kwa kishindo.

Ardhi ile ilikuwa vitu viwili: umoja wa wakubwa na fedha za almasi. Umoja ulianza kupasuka mwaka 2010, kundi lilipojitoa BDP na kuunda BMD. Miaka miwili baadaye kundi hilo likaungana na BNF na wengine katika UDC, muungano unaojiita mwavuli. Mwaka 2019 Ian Khama, mtoto wa mwasisi na mtemi wa Bamangwato, aligombana na Masisi, mrithi aliyemchagua mwenyewe, akakihama chama cha baba yake. Wafuasi wake wakawa na chama chao, BPF, huko huko Serowe, kitovu cha BDP. Kisha soko la almasi likaanguka. Almasi za maabara zilienea, wanunuzi wakapungua, na mwaka 2024 mauzo ya Debswana yalishuka sana. Vijana wenye vyeti walikuwa mitaani bila kazi, katika nchi ambayo pengo lake kati ya tajiri na maskini ni miongoni mwa makubwa duniani. Chungu kilipungua, na waliozoea kula pamoja wakaanza kuhama.

Tarehe 30 Oktoba 2024 wapinzani hawakuwa hata wameungana wote. BCP ilikuwa imejitoa UDC ikasimama peke yake. Kwa desturi ya zamani BDP ingepita katikati. Haikupita. Ilipata kiasi cha asilimia 30 ya kura, ikawa ya pili kwa wingi wa kura nchini, na ikapata viti 4 kati ya 61. Vinne! BCP yenye kura chache zaidi ilipata 15. UDC kwa asilimia 37 hivi ilipata viti 36, na Duma Boko akaapishwa tarehe 1 Novemba. Mtambo uliokuwa ukiiongezea BDP viti miaka yote uliigeukia, ukainyang'anya kwa ukali ule ule. Masisi alikubali matokeo bila fujo, na hilo lihesabiwe kuwa urithi bora wa akina Masire. Walijenga chama kisichotaka kushindwa, lakini pia walijenga nchi ambayo aliyeshindwa anaondoka.

Hapa ndipo hukumu yangu juu ya kitabu. Kama historia ya ujenzi wa nchi, kisomwe na kila anayetaka uongozi kwetu. Kinafundisha uvumilivu, kupanga, na kuheshimu fedha ya umma. Kama maelezo ya kwa nini chama kilidumu, kinatupa nusu. Mwandishi anaziona sifa za chama chake. Bahati yake haioni vizuri, na bahati ile haikutoka mbinguni. Ilitengenezwa na sheria za uchaguzi, na milango miwili ya waziri, na umaskini wa upande wa pili. Tofauti kati ya sifa na bahati ikipotea machoni mwa watawala wenyewe, wanaanza kuamini kwamba wananchi ni wao. Walioamini hivyo Gaborone waliamka na viti vinne.

Sisi tulio nje jambo hili linatuhusu kwa mfuko pia. Kila uchaguzi ukikaribia nyumbani tunapigiwa simu tuchangie: jukwaa, vipaza sauti, mabango, magari ya msafara. Tunachanga, mgombea anashindwa, tunasema wameiba au watu ni wajinga, tunasubiri miaka mitano. Botswana inatuonyesha kwamba mpinzani hashindwi Jumamosi kiwanjani. Anashindwa Jumatano kgotla, kwa miaka minne ambayo hakuna simu inayopigwa. Anayechangia diwani mmoja mwaminifu asimamie kisima kimoja, watu wakakiona, huenda anafanya zaidi ya anayelipia msafara.

Na walioshinda Botswana wasomewe hesabu hiyo hiyo. Wamepewa karibu asilimia 60 ya viti na watu ambao zaidi ya asilimia 60 yao hawakuwachagua. Jeki bado imo ndani ya buti la gari. Kama wataibadilisha sheria iliyowapa ushindi, au watagundua kwamba ni sheria nzuri kumbe, ndiko kutakakotuambia kama Botswana imebadilisha utawala au imebadilisha dereva.